Perege, Mabuu na Maji ya Kijani

Shamba letu lipo bondeni, Kaskazini Pemba, na pembeni yake pana ziwa dogo la kunyweshea mchicha na bamia. Ukisimama katikati, maji hayakupiti kifua. Yaligeuka kijani kizito kama mchuzi wa kisamvu, yungiyungi wakabaki wachache. Mzee jirani akanambia, "Mwanangu, tia chokaa." Sikutia. Nilitaka kwanza nijue kinachoendelea.

Niling'oa gugu lililoota chini ya maji nikalitia kwenye bakuli jeupe. Majani yote yalivaa utelezi wa kahawia, ukipitisha kidole unatoka. Utelezi huo, kama ule ukijani wa maji, nao ni mwani, viumbe vidogo sana mithili ya mimea, na unalinyima jani mwanga. Nikachukua gugu lilelile kwenye kidimbwi cha jirani kisichokuwa na samaki: majani masafi, na juu yake mabuu wembamba wenye mikia mitatu wakitambaa na kukwangua. Kwetu hawakuwepo. Perege, waliojaa tele, walikuwa wakiwala.

Basi hapo ndipo penye siri. Mabuu wakiliwa, utelezi unanenepa, magugu yanakufa, tope linakosa wa kulishika. Dume la perege nalo linachimba kiota chini na kulitibua zaidi. Fosforasi, rutuba iliyomo kwenye samadi ya zizini, ikawa chakula cha mwani unaoelea, nao ukazidi kuzuia mwanga. Ziwa la kina kifupi likishafika huko, halirudi kwa kuguswaguswa tu.

Kiangazi, maji yalipopungua, tulivuta wavu tukapunguza perege sana (watoto walifurahi, kitoweo kila siku). Nikachimba mfereji ili maji ya mvua yanayopita zizini yasiingie ziwani, kisha nikapanda magugu upya, nimevaa mabuti marefu na glavu, maana konokono wa kichocho wanapenda humo humo.

Masika ilipita bado kijani, hata nikaanza kuchekwa. Vuli ndipo nilipoiona chini. Mke wangu aliogopa magugu yataleta mbu, lakini mabuu wa kereng'ende wamejaa, na hao viluwiluwi vya mbu ndiyo riziki yao. Perege sasa tunawavua mara kwa mara, wasizidi tena. Anayetaka kuwafuga kwa wingi namshauri achimbe bwawa lao mbali na hili.