Siku moja maishani mwangu: damisi wa mfalme, hapa Lamu

Saa kumi na moja alfajiri adhana inanikuta macho, siku ya shoo mi silali vizuri. Napanda darini na skripti, nasema maneno yangu polepole kukiwa bado na ubaridi. Mchezo wetu ni wa ufalme wa kubuni, mfalme kapiga kufuli kisima cha mji ili maji yatoshe bustani yake, mawaziri wote wanamsifu, anayethubutu kumwambia amekosea ni damisi wake peke yake, yaani mchekeshaji wake. Huyo damisi ndo mimi.

Saa moja napitia kwa shangazi kuchukua kofia. Kaishona kwa vipande vya leso kuukuu, ina pembe tatu zinazoning'inia, na kila ncha ina njuga zile za kuchezea ngoma. Moja imelegea, anaishikiza tena kwa uzi wa nyavu, anaukata kwa meno alafu anaitikisa karibu na sikio langu mpaka aridhike na mlio.

Saa tatu punda wanabeba spika na kiti cha enzi, vichochoro vyetu gari halipiti.

Saa nne mazoezi, na hapa ndo palikua pagumu. Kuna bwana mmoja katuchangia pesa, akaomba sentensi moja itolewe, ile damisi anamwambia mfalme: "Maulana, watu wako hawateki kwa sababu hawateki." Kwa Kiamu kuteka ni kucheka, na kuteka ni kuteka maji pia, yaani watu hawacheki kwa kuwa hawapati maji. Bwana yule anasema itachukuliwa vibaya, mambo ya maji hapa yanagusa watu. Ni kweli yanagusa, maji yetu mengi ya mjini yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, kila mtu anajua vilima vile vikiharibiwa tutakunywa nini. Lakini ndo sababu sentensi ibaki! Mwalimu wetu akauliza ni mfalme gani atavumilia kuambiwa hivo mbele ya watu, nikamwambia wapo, Ufaransa karne ya 16 Triboulet alikua damisi wa mfalme Francis wa Kwanza na anajulikana mpaka leo kwa ulimi wake, Uingereza Will Sommers alikua kwa Henry wa Nane, na sisi tumelelewa na hadithi za Abunuwasi anavyombana sultani kwa akili. Mfalme anamweka damisi kwa sababu waziri akisema kweli anapoteza cheo, damisi cheo hana. Mi naamini hivo kabisa na nilisema kwa sauti ya kutetemeka, sikuona haya. Mwalimu akanyamaza, akafunga skripti, akasema isibaki tu, iseme ukiwa umepiga magoti.

Saa saba wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha usingizi kidogo maana jua si mchezo.

Saa kumi na nusu, Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome. Wazee wamekaa barazani chini ya miti, watoto mbele kabisa chini. Sehemu ya tatu damisi anatupwa gerezani, na nyuma yangu ni ngome yenyewe, ile iliyokamilika 1821 na ikawa jela kweli mpaka 1984, so wazee walipoona nashikwa mikono naelekezwa mlango ule kukawa kimya ambacho kwenye mazoezi hatujawahi kukipata. Nikapiga magoti, njuga zikalia mara moja zikanyamaza, nikasema sentensi yangu.

Kwanza hakuna kitu. Alafu nyanya mmoja mwenye buibui upande wa kushoto akairudia kwa sauti, neno la kwanza akalisema kwa kicheko, la pili akalisema taratibu kama mtu anayevuta kamba ya ndoo, na uwanja mzima ukacheka kisha ukatulia wenyewe. Yule anaecheza mfalme alisahau maneno yake, nilimuona macho yamejaa.

Saa nne usiku niko nyumbani. Ile njuga ya shangazi imeshika, imekatika ya pembe nyingine. Kesho boti ya Matondoni inaondoka saa moja na nusu maji yakiwa yamejaa, uzi wa nyavu nishautia kwenye begi pamoja na sindano.