Njoo Mwenye

Arusha, Jumapili usiku, mwezi wa Julai

Baridi ya mwezi huu imenifungia ndani siku mbili mfululizo, nami nimezimalizia zote juu ya mfarishi, yaani tandiko la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, ambao nimekuwa nikiuahirisha tangu Pasaka. Sebule imekuwa karakana: cherehani ya kukanyaga iko dirishani, pasi iko juu ya meza ya chakula iliyotandikwa shuka lililokunjwa mara nne, na kiroba cha mabaki ya vitenge ambacho fundi wa mtaani kwetu huniwekea kila mwisho wa mwezi kwa bei ya soda kimemwagwa chote sakafuni. Hakuna anayeruhusiwa kupita pekupeku, kwa sababu pini zangu hazihesabiki na macho yangu si ya zamani.

Mifarishi ninayoshona haina pateni. Nasema hivyo kwa tahadhari, maana watu wakisikia kwamba sipimi wala sichori hudhani naokota tu kipande kilicho karibu na kukibandika kwenye kingine. Kazi yenyewe ni ya polepole kuliko kufuata mchoro. Mshono ni robo inchi tangu mwanzo hadi mwisho, kila mshono hupigwa pasi kabla haujavukwa na mwingine, na kila kipande kinachoongezwa hubadilisha sura ya vile vilivyotangulia, hata rangi ya chungwa iliyokuwa ikipiga kelele asubuhi ikaonekana nyonge jioni baada ya kupata jirani wa waridi kali. Jambo ambalo mwenye pateni huliamua mara moja, mimi huliamua upya kila baada ya dakika kumi, na siku nyingine uamuzi mmoja hunigharimu saa nzima ya kusimama tu mbele ya ukuta, mikono kiunoni.

Ukutani nimetundika blanketi kuukuu lililoota vinyweleo, ambalo kitambaa cha pamba hulishika chenyewe bila pini. Vipande hukaa hapo siku kadhaa, nikipita na ndoo nikakitupia jicho kimoja, nikirudi na chai nikakihamisha kingine. Nikishindwa kuamua huupiga picha kwa simu na kuiondolea picha hiyo rangi zote, ibaki nyeusi na nyeupe. Hapo ndipo nyekundu na kijani, ambazo nilizihesabu kuwa mahasimu, hugeuka kijivu cha aina moja na kunionyesha kwa nini mfarishi umelala usingizi. Ugomvi wa rangi hauna nguvu kama ugomvi wa mwanga na giza. Nilichelewa sana kulijua hilo.

Mfarishi huu wenyewe ulianza vibaya. Mwezi uliopita nilijiona nimekomaa, nikachora miraba kwenye daftari la hesabu la mwanangu, nikapaka rangi, nikakata kwa rula. Ulipofika ukutani ulikuwa umenyooka kila upande na haukuwa na neno la kusema, mithili ya vigae vya sakafu ya benki. Niliuacha pale wiki mbili nikijitetea, kisha usiku mmoja nikauchukua na kuupitisha mkasi katikati, nikageuza nusu moja, nikapitisha mkasi tena. Kukata kitambaa kipya hakuniumizi, lakini kukata mshono ambao nimekwisha kuulipia kwa mgongo ni jambo ambalo hadi leo hunikausha koo.

Walioniondolea woga huo ni wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani Weusi katika jimbo la Alabama, ambacho Mto Alabama umekizunguka pande tatu. Mifarishi yao ilionyeshwa katika Whitney Museum ya New York mwaka 2002 kama sanaa ya kutundikwa, ilhali wengi wao waliishona ili watoto wasilale na baridi katika nyumba zilizopitisha upepo. Ninaourudia mara kwa mara ni ule ambao Missouri Pettway aliushona mwaka 1942 kutokana na nguo za kazi za mumewe, muda mfupi baada ya kufiwa naye. Katika mifarishi ya nguo za kazi ya kijiji hicho unaweza kuona mahali mfuko wa suruali ulipobanduliwa, pakiwa na rangi ya awali katikati ya kitambaa kilichopaushwa na jua la shambani, na mshonaji hakupaficha. Alipaacha pafanye kazi ya rangi. Vilevile, ushirika wao ulipopata kazi ya kushonea kampuni ya Sears foronya za kodroi mwaka 1972, mabaki ya kodroi hiyo, ile yenye mifereji, yaliingia majumbani na kuzaa mifarishi ya mikanda mipana ya kijani na dhahabu. Nilipoyasoma hayo nilielewa kwamba kiroba cha fundi wangu si upungufu wa vifaa. Kama ningekuwa na duka zima la kuchagua, nisingeamua kitu.

Jana asubuhi, basi, nilikuwa na vipande tisa vikubwa vilivyokatwa na kuungwa upya, nikaviunganisha, nikavitandaza chini, vikakataa kulala. Katikati palivimba kama bakuli lililofunikwa. Kosa lilikuwa langu: baadhi ya mikanda nilikuwa nimeikata hanamu bila kujali, na kitambaa kilichokatwa kwa kufuata nyuzi za mtande (za urefu) au za mshindio (za upana) hutulia, bali cha hanamu huvutika kila mguu wa cherehani unapokikanyaga. Nilijaribu pasi ya mvuke, nikajaribu matusi. Mwishowe nilikata kutoka ukingoni hadi kwenye kilele cha kibonge, nikapandanisha pande mbili za ule mpasuo hadi kitambaa kikalala chenyewe, nikapunguza kilichozidi, nikaziba mstari huo kwa utepe wa manjano mwembamba kama jani la mchaichai. Utepe huo sasa ndio kitu cha kwanza ambacho jicho hukiendea, na nisingeuweka pale kwa akili yangu hata ningepewa mwaka.

Jioni ileile Shangazi alishuka kwenye basi la Tanga, amejitanda kanga mbili juu ya sweta. Baada ya shikamoo na habari za safari, alisimama mbele ya ukuta, akasogea, akavaa miwani.

“Mwanangu, hii si ile doti niliyokuletea ulipojifungua?”

Ilikuwa ndiyo, angalau kipande kimoja cha doti hiyo, ambacho pasi ilikichoma pembe miaka mingi iliyopita nami nikakiweka kabatini kwa kuona haya. Kabla ya kukikata nilikuwa nimekiloweka peke yake hadi maji yakatoka meupe, kwa maana mwaka jana kanga nyekundu ilinichujia ikageuza mfarishi mzima kuwa na homa ya surua. Ila maandishi yake sikuyaheshimu. Jina la kanga hiyo lilikuwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na mkasi wangu ulikuwa umepita ulipotaka, hivi kwamba ukutani palisomeka NJOO MWENYE.

“Mwenye nini?” akauliza Shangazi.

“Bado sijajua, Shangazi.”

“Watu huunga kilichochanika. Wewe unachana ili upate cha kuunga.”

Nilimkumbusha yanayosimuliwa Pwani kuhusu leso zenyewe, yaani kanga, kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuja vimeshikana kwenye jora, wakakata sita, wakaviunga vitatu kwa vitatu wakapata vazi moja, na kwamba hata neno leso tulilipata kwa Wareno. Alisikiliza hadi mwisho, akasema hao walikuwa wakitafuta nguo ya kuvaa, akaenda kulala.

Leo asubuhi nimemkuta amekaa chini, miguu imenyooshwa, anachambua kiroba. Alikuwa ametafuta hadi akapata JI APONE. Tulibishana kuhusu mahali pa kuiweka: yeye aliitaka iandamane na mwenzake ili msomaji asitaabike, nami niliihitaji upande wa chini kulia, kichwa chini, kwa sababu ndipo palipokosa weusi. Nimeshona nilivyotaka. Hajasema kitu, lakini kila akipita huinamisha shingo ili aisome.

Mchana tumetandaza bitana, juu yake blanketi jepesi lililochoka badala ya pamba ya kujazia ambayo siipati kwa urahisi, kisha uso wa mfarishi, tukavifunga vyote kwa pini. Bitana ni amerikani. Jina la kitambaa hicho huwa linanitafakarisha: wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Unguja katika karne hiyohiyo ya leso, na viwanda vya huko vilifuma pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa nchi hiyo, mababu wa wanawake kama hao wa Alabama. Kinauzwa bado kwa mita, hakina rangi, hakichuji, na sindano hukipenda.

Kisha tumeanza kupiga bandi kwa mkono, yaani kushona tabaka zote tatu pamoja, kila mmoja upande wake. Mimi huanzia katikati na kwenda nje ili mikunjo isukumwe ukingoni. Shangazi ameanzia pembeni, akawa anauzunguka mfarishi na kurudi ndani, mishono yake midogo kama punje za ulezi, na kitambaa hakikumkunjamana hata kidogo. Ndivyo wanavyofanya wanawake wa Kisiddi wa jimbo la Karnataka, India, ambao mababu zao walipelekwa huko kutoka Afrika: mfarishi wao uitwao kawandi huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, kuunga na kupiga bandi vikienda pamoja, na pembeni mwishowe huwekwa vitambaa vidogo vilivyokunjwa ambavyo huviita phula, yaani maua. Nilipomweleza, Shangazi hakushangaa. Aliuliza tu kama maua hayo hukunjwa pembe tatu, akaokota kipande cha kitenge cha bluu na kuanza kukikunja.

Saa hizi amelala, na pembe moja tayari ina ua. Nimekipekua kiroba tena, nimetazama chini ya cherehani na nyuma ya kochi, lakini kipande chenye neno MGENI sijakiona. Nilipomwambia kabla hajaingia chumbani, alisema nisijisumbue, mgeni alikwisha kufika jana na basi.