Nilivyobuni ncha ya kutoa elektroni nikiwa Mbeya

Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, lakini kwa kazi hii bado ni nzito mno. Metali inayotoa elektroni kwa nguvu ya uga wa umeme, bila kupashwa moto, inataka ombwe kali, yaani nafasi iliyoondolewa hewa karibu yote, ambalo sina. Nikaamua kubuni kwa hesabu, na kuchonga ncha yenyewe kwa mkono.

Wanafizikia Fowler na Nordheim walieleza mwaka 1928 jinsi elektroni zinavyopenya ukuta wa nishati kwenye uso wa metali. Uga unaohitajika ni volti kadhaa kwa kila nanomita. Ukipungua kidogo, mkondo wa elektroni unaporomoka. Ndiyo maana nilihangaika zaidi na ukali wa ncha. Ncha ya tungsteni yenye nusu kipenyo cha nanomita 50, anodi (bamba la chanya linalopokea elektroni) ikiwa mbali, inataka takriban volti 1,000. Geti, yaani bamba la metali lenye tundu la mikromita moja hivi, likizunguka ncha, kama kwenye koni ndogo za metali ya molibdeni za mtafiti Spindt, volti zinashuka sana.

Nilichora umbo hilo kwenye programu ya bure. Kabla ya kuiamini niliipa nusu tufe iliyokaa juu ya bapa, maana jibu lake linajulikana: kileleni uga huongezeka mara 3 kamili. Ilinipa pungufu mpaka nilipoufanya wavu wa hesabu, yaani vijisehemu ambavyo programu hugawia umbo, uwe na matundu madogo zaidi pale kileleni.

Kijiti cha tungsteni nilipata kwa fundi wa kuchomelea. Kostiki, soda kali inayokula tungsteni umeme ukipita, nilinunua sokoni Mwanjelwa kwa mama anayepika sabuni.
“Mwanangu, kidogo hivi utapikia sabuni gani?”
“Siyo sabuni mama, nanolea chuma.”
Akacheka, akaniongezea.

Gramu 80 za kostiki kwa lita moja ya maji, kijiti upande wa chanya, volti chache. Kinaliwa pale kinapokutana na uso wa maji mpaka shingo inakatika. Hapo umeme ukatwe papo hapo, la sivyo ncha inakuwa butu; mkono hauwahi, hivyo niliunga sakiti ya transista inayokata mkondo ukishuka ghafla.

Nimechora pia koni nyingi pamoja, na chini yake nimeweka tabaka la silikoni lenye ukinzani, yaani linalozuia umeme kiasi. Koni iliyo kali kuliko wenzake huvuta mkondo mwingi na kuungua. Tabaka hilo huipunguzia volti. Linaongeza hatua moja ya utengenezaji, nami nimekubali.