Siku moja kwenye mashine za kusafisha damu

Saa 11:30 alfajiri nilifungua kitengo chetu cha wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi, hapa Dar es Salaam, na kuanza, kama kila siku, kwa kupima maji, kwa kuwa katika saa 4 za kusafisha damu mgonjwa mmoja hutumia takribani lita 120, na klorini ikibaki ndani yake inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Kazi hiyo simwachii mtu.

Saa 12:30 wagonjwa wa kwanza walipanda mizani. Mzee mmoja, fundi seremala, alikuwa ameongezeka kilo 4.5, zote maji.
“Shikamoo, Mzee. Jumatatu hatukukuona.”
“Marahaba, mwanangu. Pesa haikutimia.”
Hana bima. Anatakiwa kuja mara 3 kwa wiki, ila huja anapopata.

Niliweka vidole juu ya fistula ya mkono wake wa kushoto, yaani mahali ambapo mishipa miwili ya damu iliunganishwa kwa upasuaji, nikausikia mtetemo wake, kama wa simu iliyozimwa sauti, ndipo nikachoma sindano mbili: ya kutolea damu na ya kuirudishia. Saa 3:30 presha ilishuka na miguu ikamkaza hadi akalia. Tulipunguza kasi ya kutoa maji, akarudi nyumbani akiwa bado na lita moja na nusu ya maji ya ziada mwilini, na hilo lilinikaa moyoni siku nzima.

Saa 4:00 binti yake aliniuliza, “Sista, baba ni wa ngapi kwenye orodha ya figo?” Swali hili ninaulizwa mara nyingi. Uingereza wapo wanaosubiri figo za marehemu kwenye orodha ya taifa. Kwetu, tangu upandikizaji uanze Muhimbili mwaka 2017 na kufuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, figo imekuwa ikitoka kwa ndugu aliye hai. Kwa hiyo anachosubiri Mzee ni ndugu mwenye afya, ambaye vipimo vyake vitakubali, na ambaye ukoo hautamzuia. Mdogo wake alijitolea, akakutwa na shinikizo la damu. Binti mwenyewe yuko tayari, lakini mashangazi wamekataa wakisema hajazaa bado.

Zamu ya mchana ilipita salama.

Saa 10:00 jioni, nikiandika ripoti, binti alipiga simu: kikao cha familia ni Jumamosi, na ananiomba niende niwaeleze mashangazi jinsi mtu anavyoishi na figo moja na jinsi wanawake waliotoa figo wanavyojifungua kwa uangalizi wa daktari. Nimeshabadilishana zamu na mwenzangu.