Heri ufe kuliko kupoozwa raundi nne

Mshkaji wetu mmoja tunaecheza nae D&D (ile gemu ya mezani ya kuigiza wahusika na kurusha dadu) kila Jumamosi alininunia wiki nzima, na wala mhusika wake hakufa, angekufa ingekuwa afadhali. Alipigwa Hold Person (uchawi wa kumpooza mtu) raundi ya kwanza tu ya pambano, mpiganaji mwenye upanga mkubwa na deraya zito lakini bonasi yake ya Wisdom (busara, ndo kinga ya uchawi huo) sifuri kabisa, akarusha dadu akakosa, akarusha tena mwisho wa zamu akakosa, ikaenda hivyo hivyo hadi raundi ya nne. Tupo watu watano mezani na kila mtu anafikiria zamu yake kama anachagua mchumba, kwa hiyo jamaa alikaa karibu lisaa lizima anakula karanga na kuangalia simu.

Mi ndo DM, yaani msimamizi wa gemu na mwendesha maadui, lawama zangu. Nilipiga hesabu baadae nikaona aibu: sevu (mrusho wa kujiokoa) ya 15, yaani dadu itoe 15 au zaidi, na huna bonasi yoyote, unakosa mara 14 katika pande 20, yaani 70%. Kukosa mara nne mfululizo ni kama 24%. Sio mkosi huo, ni kitu cha kutegemea! Halafu yule mchawi aliempooza nilimuweka nyuma ya nguzo kule mwisho, hakuna anaemfikia, wakati dawa ya Hold Person ni kumtwanga mchawi mwenyewe mpaka umakini unaoshikilia uchawi umtoke. Yaani niliwafungia mlango na ufunguo nikaondoka nao.

Watu wakilalamikia mambo ya dadu moja umekwisha huwa wanalia na kifo tu. Kifo mi sina ugomvi nacho. Gemu ilipotoka 1974 kwa akina Gary Gygax na Dave Arneson sumu ilikuwa sumu kweli, unang'atwa, unarusha mara moja, ukikosa kwaheri, ila siku hizo mhusika ulimtengeneza chap chap, dadu tatu mara sita kazi imeisha, akifa unachukua karatasi nyingine. Leo mtu anakuja na kurasa tatu za historia na jina la bibi yake mhusika, sasa umuue na buibui mlangoni?

Ninachotaka ni kifo kipige hodi. Medusa (zimwi ukimtazama macho unageuka jiwe) wa toleo la 2014 la gemu kwangu ndo mfano mzuri, sevu 14, ukikosa kwa tano au zaidi umeshakuwa jiwe hapo hapo, lakini ukikosa kidogo unaanza kugeuka, umenasa, na unarusha tena mwisho wa zamu yako inayofuata. Hiyo nafasi ya katikati aisee meza nzima inasimama, mmoja anatafuta kwenye karatasi kama ana chochote cha kusaidia, mwingine anasali. Na kabla hawajamfikia nimeshawaonyesha sanamu za watu wamekunja sura kwa hofu, mmoja bado ana mkono usoni, sasa mtu akiamua kuingia bila kufumba macho hayo ni yake na Mungu wake.

Banshee (mzimu wa kike) wa toleo hilo hilo pia naruhusu, kilio chake ukikosa sevu 13 pointi zako za uhai zinashuka hadi sifuri, ila sifuri sio kifo, una zile sevu za kifo, mpaka zikosekane tatu ndo umekufa, na wenzako wanaweza kukuwahi. Na akifa kabisa, kuna Revivify (uchawi wa kufufua) ndani ya dakika moja mkiwa na almasi ya thamani ya dhahabu 300, ndo maana siku hizi almasi naziweka kwenye hazina makusudi. Power Word Kill (uchawi wa kuua kwa neno moja) ya toleo la 2014 ndo nimeitupa, eti una pointi 100 umekufa, una 101 hakuna kilichotokea, hata dadu hurushi. Hapana bana.

Kwa kupooza nimebadilisha hivi: ukikosa sevu ya pili unaweza kujing'oa kwa nguvu, unaumia dadu mbili za pande sita kwa kila levo ya uchawi uliokushika, na uko huru. Hutaki kuumia, basi nakukabidhi adui mmoja umchezeshe mpaka utoke.

Jumamosi iliyopita yule yule mshkaji akapoozwa tena (safari hii ni ghouli, yale mazimwi yanayokula maiti na kucha zake zinapooza, sio mimi jamani), akagoma kujing'oa, akachukua ghouli mwingine akamfukuza kleriki (mhusika mponyaji) wetu chumba kizima mpaka kleriki akabaki na pointi 3. Sasa alienuna ni kleriki.