Jinsi nilivyomaliza ubishi wa bei ya masaji, Mwanga Kigoma

Bei ilikuwa inabadilika mtu akishavaa shati: mafuta yanahesabiwa pembeni, na ile "saa moja" inageuka dakika 40 kwa kuwa muda umeanza kuhesabiwa mlangoni. Nilichobadilisha ni maswali ya simu kabla ya kwenda: dakika ngapi za kukandwa kwenyewe, mgongo tu au mwili mzima, mafuta ya nani, na akija nyumbani, nauli ya bodaboda juu ya nani? Majibu yaje kwa meseji. Nusu kwanza, nusu ukimaliza. Kwenye lipa namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Mkandaji mzuri utamjua kwa maswali yake. Asiyeuliza presha, mimba wala kuvunjika, mwache, hata akiwa wa bei rahisi. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma kwenye shavu la mguu, haukandwi kabisa: huenda damu imeganda ndani, na kuukanda kunaweza kusukuma bonge hilo hadi mapafuni. Huo nenda nao Maweni, hospitalini. Na mawese yabaki jikoni. Shuka likishika rangi ile, ndiyo basi.