Malaika Alirudi Mara ya Pili

Tafakari ya wiki. Somo: 1 Wafalme 19:4-8

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mwanzo huu wa Februari una siku tatu zinazofuatana kwa karibu. Tarehe 4 ilikuwa Siku ya Saratani Duniani. Tarehe 5 Kanisa likamkumbuka Mtakatifu Agatha wa Catania, bikira na shahidi wa karne ya 3. Mapokeo yanasimulia kwamba watesi wake walimkata matiti kabla hajafa, na ndiyo sababu wenye maradhi ya matiti humwomba awaombee. Na tarehe 11, siku ya Mama Yetu wa Lourdes, ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Kwa hiyo wiki hii nimeomba nizungumze na dada zetu waliotoka kwenye upasuaji wa titi, pamoja na sisi tunaowazunguka. Nazungumza kama mmoja wao. Mimi mwenyewe niliondolewa titi la kushoto, na tezi za kwapani pamoja nalo.

Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Hapa Kenya walikadiriwa kupita 7,000 mwaka huohuo, na hakuna saratani nyingine inayogunduliwa kwa Wakenya wengi zaidi. Sidhani kuna parokia Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, ambayo haina mama anayesoma maneno haya akiwa na bendeji kifuani.

Mnakumbuka nabii Eliya wa somo letu alikuwa ametoka wapi. Alikuwa ametoka mlima Karmeli, moto umeshuka kutoka mbinguni, manabii wa Baali wameaibika, mvua imerudi baada ya ukame mrefu. Ushindi mkubwa kuliko huo hakuwahi kuupata. Halafu tunamkuta jangwani, mwendo wa siku moja kutoka Beer-sheba, amekaa chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, anaomba kufa: "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu."

Wengi wakifika hapo humshangaa nabii. Aliyelala kwenye meza ya upasuaji hamshangai. Kabla ya upasuaji una kazi nyingi mno: vipimo, foleni, karatasi za bima, pesa zilizopungua, watoto watalala kwa nani. Huna hata nafasi ya kuogopa sawasawa. Kisha daktari anasema uvimbe wote umetoka, simu zinalia kutoka kila upande, kikundi cha WhatsApp cha jumuiya kinajaa Aleluya. Na usiku ule, nyumba imelala, ndipo machozi yanaanza. Unajiuliza una shida gani, mbona sasa, mbona wakati wa kushukuru. Dada yangu, huna kasoro ya imani. Eliya alianguka baada ya Karmeli, na Mungu hakumkemea.

Alimtuma malaika, na malaika hakuanza kwa mahubiri. Alimgusa. Akamwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akanywa, akajilaza tena, na malaika akamwacha alale. Lile swali, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilingoja mpaka mlima Horebu, akiwa ameshakula mara mbili na kutembea siku arobaini.

Basi lala. Usingizi wa mchana si uvivu, hata kama vyombo vimejaa kwenye sinki na mama mkwe amefika kutoka mashambani. Mwili uliopasuliwa una kazi kubwa ambayo huioni, ya kujenga nyama mpya na kufunga kilichokatwa, na kazi hiyo inataka chakula: mayai, maharagwe, ndengu, samaki, maziwa. Jirani anayepanda ngazi na sufuria ya supu amebeba alichobeba malaika.

Wengi hutoka hospitali na dreni, ule mpira mwembamba unaotoka ubavuni na kuishia kwenye kichupa laini cha plastiki. Unakiminya ili kivute maji yanayokusanyika pale titi lilipokuwa. Asubuhi na jioni unakifungua, unapima, unaandika daftarini, unamwaga, unakiminya tena na kufunga. Maji huanza mekundu, siku zikienda yanageuka manjano hafifu. Madaktari wengi huutoa mpira yakishuka hadi kama mililita 30 kwa siku nzima, na kwa mmoja hiyo ni wiki moja, kwa mwingine tatu. Changu nilikuwa nakibana kwa pini ndani ya leso ili wageni wasikione, na kila nikiinama nahisi kinaning'inia. Siku hizo sikuweza kusali rozari hata fumbo moja likaisha. Sala yangu ya asubuhi ilikuwa lile daftari: "Bwana, leo yamepungua." Naamini aliipokea kama sala nyingine zote.

Halafu kuna mkono. Tezi za kwapani zikiondolewa, sehemu ya ndani ya mkono, juu ya kiwiko, inaweza kufa ganzi. Wengine huhisi kama kamba ngumu chini ya ngozi, zinavuta kutoka kwapani kushuka kwenye kiwiko. Bega nalo hukakamaa kwa sababu unaogopa kulisogeza. Ndiyo maana mazoezi mepesi huanza mapema, jinsi daktari au mtaalamu wa fiziotherapia atakavyokuelekeza: kukunja na kukunjua ngumi, kuzungusha mabega, na baadaye kusimama mbele ya ukuta ukipandisha vidole polepole mpaka ngozi inapovuta. Hapo unapumzika, unashuka. Dada mmoja wa jumuiya yetu alikuwa akiweka alama ya penseli ukutani kila Jumamosi, kando ya kalenda ya parokia. Ukiitazama ile mistari, inapanda kidogo, wiki nyingine imebaki palepale, mara moja imeshuka, kisha inapanda tena. Kwangu mimi kipimo kilikuwa Baba Yetu. Watu wanainua mikono miwili, mimi nainua mmoja na ule mwingine umebaki usawa wa kiuno. Kuna Jumapili ulifika begani, na sikuweza kuimaliza sala kwa kulia.

Nataja na maji, kwa sababu tunaishi Nairobi. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na nyumba zetu nyingi za ghorofa hazina lifti. Kwa wiki kadhaa mkono ule haufai kubeba mzigo kabisa. Hata baadaye unahitaji uangalifu, kwa sababu njia ambazo maji ya mwili yalikuwa yakipitia kwapani zimepungua, na mkono unaweza kuvimba miezi au hata miaka baada ya upasuaji. Ukiona pete inabana, au mkono wa blauzi unakaza upande mmoja tu, usingoje. Uvimbe ukishughulikiwa mapema hudhibitiwa vizuri zaidi. Homa, wekundu unaosambaa, usaha, mshono unaofunguka: hayo yapeleke hospitali siku hiyohiyo, na novena iendelee njiani. Ukipanda matatu, weka mto mdogo au shuka iliyokunjwa kati ya mkanda na kifua. Matuta ya barabara zetu utayahisi yote, lakini afadhali kidogo.

Na moyo je?

Inafika siku bendeji inatoka. Mwingine anajitazama papo hapo, mwingine anaoga kwa wiki nyingi taa imezimwa. Wote wawili wako sawa mbele za Mungu. Kovu limelala kifuani, ngozi imetulia juu ya mbavu, na ukiligusa huhisi kitu. Au usiku unahisi muwasho mahali pa titi ambalo halipo tena. Hilo lilinitisha sana, mpaka muuguzi aliponieleza kwamba huwapata wengi, ni neva zinaendelea kutuma habari zake.

Watu wanaokupenda watakuambia, "Si ni titi tu? Umeshazaa, umeshanyonyesha, mshukuru Mungu uko hai." Ni kweli uko hai, na kushukuru ni haki yake Mungu. Lakini titi lile aliliumba yeye, akaliona kuwa jema. Lilinyonyesha watoto wako. Wapo dada zetu waliolipoteza kabla hawajanyonyesha hata mtoto mmoja, na hao hatuna neno la haraka la kuwaambia. Kukililia kitu chema ambacho Mungu alikuumbia si utovu wa shukrani. Bwana wetu alilia kwenye kaburi la Lazaro, hali akijua anakwenda kumwita atoke.

Ndiyo maana nawaomba viongozi wa jumuiya na wa vikundi vya maombi: tusimsukume mtu mbele kutoa ushuhuda kidonda kikiwa bado kibichi. Nimeona mama akipewa kipaza sauti wiki chache baada ya kutoka wodini, aseme Mungu alivyomtendea. Akasema yote tuliyotaka kuyasikia, tukapiga makofi, kisha akarudi kukaa na hakuna aliyemuuliza kama analala usiku. Ushuhuda utakuja, na utakuwa na nguvu zaidi ukija kwa wakati wake. Na kama giza limekuganda, huli, hulali, unaona ni heri usingekuwepo, mwambie mtu leo, mwambie daktari, mwambie padre. Eliya aliyasema kwa sauti, ndiyo maana tunayajua. Hapa Nairobi kuna waliosomea kusikiliza mambo haya. Faraja Cancer Support Trust, kwa mfano, huwapa wagonjwa wa saratani na familia zao ushauri nasaha bila malipo.

Kuna sauti nyingine nataka kuipinga waziwazi. Ni ya yule anayekupigia simu baada ya upasuaji na kusema, "Umeshapona kwa jina la Yesu, za nini tena dawa?" Kwa wengi upasuaji ni hatua mojawapo. Huenda kuna kemo, zile dawa kali za kuua saratani, huenda kuna mionzi, na kama saratani yako ilikuwa inalishwa na homoni, huenda kuna kidonge cha kila siku, kama tamoksifeni, kwa miaka 5 au hata 10. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa maana Bwana ndiye aliyemwumba, na kwamba Bwana ameziumba dawa kutoka ardhini, na mwenye akili hazidharau. Anayekutoa kwenye dawa hakuongezei imani hata chembe.

Kwenu ndugu zangu mliooa nina machache. Mkeo anakusoma macho kuliko unavyodhani. Jifunze kubadilisha bendeji. Kaa naye chumbani, usihamie sebuleni ukidai unampa nafasi, isipokuwa yeye mwenyewe ameomba. Mambo ya ndoa yatarudi taratibu mkizungumza. Na mkijihisi uvimbe kifuani nanyi pia mpimwe, kwa sababu wanaume hupata saratani hii, ingawa ni wachache.

Sasa turudi kwa Eliya, mstari wa 7. "Malaika wa Bwana akamwendea tena mara ya pili, akamgusa, akasema, Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mstari huu ndio ulionifanya nichague somo hili. Sisi ni hodari wa mara ya kwanza. Wiki ya kwanza nyumba inajaa, viti vinaazimwa kwa jirani, harambee inafanyika, Mama Mwenyekiti anaongoza rozari. Mara ya pili ndipo tunapopotea. Kemo ikianza, nywele zikianguka, ladha ya chai ikigeuka chuma mdomoni, mlango haubishwi tena. Na safari ndipo inapokuwa kubwa. Malaika hakumwambia Eliya safari ni ndogo ukiwa na imani. Alikubali kwamba inamzidi, akampa chakula tena.

Mwaka 1952, mjini New York, mwanamke aitwaye Terese Lasser aliondolewa titi, akakuta hakuna aliyejiandaa kumjibu maswali ambayo mwanamke yeyote angeuliza: nitavaa nini, mkono nitauinuaje, nyumbani nitasema nini. Alipopata nafuu akaanza kuwatembelea wengine hospitalini, akiwaonyesha mazoezi ya mkono na kuwapa cha kujazia sindiria. Madaktari wengine hawakufurahia. Hata hivyo kazi yake, Reach to Recovery, ilichukuliwa na Shirika la Saratani la Marekani mwaka 1969, ikaenea hadi nchi nyingi. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki. Mwenye kovu akiingia wodini amevaa vizuri na mkono wake unapanda, mgonjwa anaona jambo ambalo vijitabu vyote haviwezi kumwonyesha.

Kwa hiyo wiki hii kila jumuiya itafute jina la aliyepasuliwa zamani kidogo, yule ambaye tumeshaacha kumtaja kwenye maombi. Mpigie kwanza, usimfikie ghafla. Usiombe kuona kidonda. Mpandishie maji. Muulize siku yake ya kemo ni lini, na kama unaweza, mfuate Kenyatta au hospitali nyingine anakotibiwa, ukae naye kwenye foleni. Mafundi wetu wa cherehani wanaweza kumshonea mfuko ndani ya sindiria, pa kuwekea titi bandia la kufuma, na kuilegeza sare ya chama upande wa kwapa, maana ile mishono hukwaruza.

Tarehe 11 Mpako wa Wagonjwa utatolewa ndani ya Misa, na hauhitaji mtu awe karibu kufa ili aupokee. Wasioweza kushuka ngazi, majina yao na namba ya nyumba mpeni katekista kabla ya Jumamosi, ili padre na wahudumu wa Komunyo wawafikie nyumbani.